Kopo la Mbegu za Nyanya

Hapo zamani, wala si zamani ya majitu na wanyama wasemao, ni zamani ya juzi tu, watu wakiwa na simu mifukoni, palikuwa na kopo moja la maziwa ya unga, na watu watatu waliopendana walilidai wote. Kesi ya kopo hilo nimeipima kwa miaka. Leo nampa haki wa kwanza, kesho namnyang'anya nampa wa pili, keshokutwa namwomba radhi wa tatu. Nimeshindwa. Ndiyo maana nawaletea ninyi. Sikilizeni vizuri, na kila nitakapowaambia mweke jambo kando, liwekeni, kwa maana mwisho mtalihitaji.

Palikuwa na nyumba upande wa Taveta, chini ya mfereji unaoleta maji ya chemchemi mashambani. Mwenye nyumba aliitwa Mzee Mwandoe, na mkewe Saru. Walikuwa na watoto wawili: Wakesho, binti mkubwa, aliyeolewa Voi, na Mlongo, mwana wa kiume, dereva wa lori la Mombasa. Wakesho alipopata watoto, wajukuu wakamwita Saru nyanya, na jina likaenea kama moto wa nyasi. Binti yake akamwita Nyanya. Majirani wakamwita Nyanya. Hata mumewe akawa anaita kutoka barazani, "Nyanya, chai imefika wapi?"

Kwa watu wa huko nyanya ni mama wa mama yako au wa baba yako. Nyanya pia ni lile tunda jekundu la mchuzi. Hakuna anayewachanganya, kwa kuwa mmoja hupika na mwingine hupikwa.

Nyuma ya jiko Nyanya Saru alikuwa na bustani ya matuta sita. Matano yalikuwa ya mboga ambazo kila mtu anazo. La sita lilikuwa la ngogwe, yule jamaa mdogo wa biringanya mwenye tunda jeupe kama yai, chungu kidogo, ambalo likiachwa kwenye mti huiva likawa jekundu. Ngogwe za Saru hazikuwa za sokoni. Mbegu yake alikuja nayo kutoka milimani siku alipoolewa, imefungwa kwenye pindo la leso. Uchungu wake ulikuja mwanzo ukaondoka upesi, na nyuma yake ukabaki utamu fulani ambao watu walijaribu kuueleza wakashindwa, wakaomba waongezwe.

Tuta hilo lilikuwa na desturi yake. Tunda la kwanza la msimu halikuchumwa. Liliachwa mpaka liive jekundu, kisha akapewa "mwenye tuta", yaani yule ambaye msimu huo tuta lilifanikiwa kwa mkono wake. Huyo ndiye aliyezitoa mbegu, akazianika, akalishika kopo mpaka msimu mwingine. Mwaka huu alikuwa Saru mwenyewe, mwaka ule Wakesho akiwa msichana, mwaka mwingine Mzee Mwandoe kwa kuwa alifukuza ndege mwezi mzima. Watu walipomuuliza Saru kwa nini lisishikwe na wote, alisema, "Wote wakilishika, siku likipotea nitamuuliza nani?"

Saru akafa.

Wakesho alipokuja msibani alilikuta kopo limejaa mbegu za msimu wa mwisho. Ubavuni palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa uji, maandishi ya mtoto wake Shali alipokuwa darasa la pili, herufi zimelala huku na huku: MBEGU ZA NYANYA. Akalifunga kwa kitambaa, akaliweka juu ya kabati, akamwambia babake, "Baba, hili lisiguswe." Mzee akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo, kila Wakesho alipokuja kutoka Voi, kabla ya kuvua viatu alilishusha kopo, akalifungua, akalinusa, akalifunga. Aliliokoa na panya. Aliliokoa na mchwa. Paa lilipovuja alikuja na basi la asubuhi kwa ajili ya kopo peke yake, akalihamisha, akarudi kwake na basi la mchana. Miaka mitatu. Liwekeni hilo kando.

Mzee Mwandoe yeye aliliweka jembe nyuma ya mlango, halikutoka tena. Kuku wakaoga vumbi kwenye matuta. Chakula alikula kama mtu anayemeza dawa, vijiko vinne vitano, kisha akasukuma sahani. Jina la mkewe hakulitamka. Akilazimika, alisema "marehemu", na baada ya hapo hakusema kitu tena mpaka jioni.

Mwaka wa tatu, mwezi wa saba, Mlongo akaoa. Bibi harusi aliitwa Nakijwa, mtoto wa Same, ng'ambo ya mpaka. Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha wenyeji, ila maneno mawili matatu yalipovuka mpaka yalikuwa yamebadilisha kazi. Wiki ya kwanza jirani alimuuliza kwa upole, "Wewe ndiye bibi ya Mlongo?" Nakijwa akashika kiuno. "Mimi bibi yake? Nina miaka ishirini na minne, nimemzaa mama yake lini?" Kwao bibi ni mama wa mama. Huku bibi ni mke. Watu wakacheka mpaka wakaegemea ukuta, naye akacheka nao alipoelewa. Lakini neno moja akiwa amejifunza, lingine lilikuwa bado linamngoja.

Mlongo akarudi barabarani. Nakijwa akabaki katika nyumba kimya na mzee asiyekula. Siku ya nane akauliza, "Baba, naweza kulima hapo nyuma?"

"Lima, mama," Mzee akasema, bila kutazama nyuma ilipo.

Hakuwahi kuwa na bustani. Alilima ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu, mikono ikatoka malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu. Akamwaga mchicha. Siku ya nne mchicha ukachomoza, na Nakijwa akachuchumaa mbele yake akiufurahia kana kwamba ameuzaa. Siku ya tano kuku wakaufukua wote. Akazungushia matawi ya miiba, akamwaga upya. Akapanda sukuma wiki, vidukari wakaivamia, akawanyunyizia majivu. Konokono wakala miche, akawa anaamka mapema kuwaokota mmoja mmoja kama anayechambua mchele. Siku alipochuma mchicha wake wa kwanza aliupika na kitunguu kimoja, akampelekea Mzee. Mzee akala vijiko vinne. Kisha akala cha tano, cha sita, akasukuma sahani. Nakijwa akaenda jikoni akahesabu tena: sita. Akaona lililobaki ni kumpatia mchuzi wa maana, na mchuzi wa maana unataka nyanya.

Ndipo akaliona kopo juu ya kabati, na maandishi yake. Kwa Nakijwa maandishi hayo yalikuwa na maana moja tu, ile ya kwenye kikapu.

Sasa msiseme alikurupuka. Alipiga simu kwanza.

"Mlongo, humu ndani kuna vitu vya bibi ambavyo sitakiwi kugusa?" Ulimi ulikuwa umerudi Same: alimaanisha marehemu mkwewe.

Lori likinguruma, Mlongo akacheka. "Bibi si ni wewe? Vya bibi vyote guza."

"Hata mbegu zilizo juu ya kabati?"

"Panda, mpenzi. Panda zote, nikija nikute msitu."

Aliuliza, akajibiwa. Liwekeni hilo kando. Akapanda kiti, akalishusha kopo, akafungua kitambaa, Mzee Mwandoe akiwa pale pale mezani na kikombe chake, macho yakielekea mlangoni. Mbegu zilikuwa bapa, ndogo, za rangi ya maziwa. Mtu mwenye bustani ya pili angejua kwamba mbegu ya nyanya ina manyoya na hizi zilikuwa laini. Huyu bustani yake ilikuwa ya kwanza. Akazimwaga zote, hata moja hakubakiza, kwenye tuta la mwisho karibu na ua, bila kujua kwamba ndilo lilikuwa la sita.

Wiki moja, kimya. Wiki mbili, kimya. Alimwagilia udongo mtupu asubuhi na jioni mpaka akaona aibu. Siku ya kumi na saba, kati ya mamia ya mbegu, ikatoka miche kumi na mmoja. Nakijwa akaimba. Lakini jani la pili lilipotoka lilikuwa pana, la kijivu, halifanani na nyanya hata kidogo. Lilifanana na ndulele, lile gugu la porini ambalo kila mtoto wa Same ameonywa asilionje.

"Kumbe siku zote hizi nimemwagilia magugu," akasema, akaanza kung'oa.

Alikuwa ameng'oa saba sauti ilipokuja kutoka upande wa pili wa ua. Alikuwa Righa, jirani, ambaye wengi walimwita Baba Mghoi, mtu wa maneno mengi na mbuzi mmoja. Mbuzi huyo aliitwa Karani, kwa sababu alipita nyumba hadi nyumba kama anayehesabu watu.

"Bi harusi, unang'oa nini kwa hasira hivyo?"

"Ndulele, Baba Mghoi."

"Hebu shika jani lake. Linachoma?"

Nakijwa akashika. "Halichomi."

"Upande wa chini?"

"Hata chini."

Righa akavua kofia. "Basi acha. Acha, nakuomba. Hiyo ni ngogwe. Nimekula ngogwe hiyo miaka ishirini juu ya ua huu huu, na aliyekuwa nayo katika kijiji kizima ni mtu mmoja tu. Marehemu."

Nakijwa akakaa chini. Aliichukua ile saba akairudishia udongo, akaikingia jua kwa majani ya mgomba. Ilinyauka yote kufikia adhuhuri. Ikabaki minne, na katika kopo haikuwepo hata mbegu moja. Alielewa amefungua kitu cha watu. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda, hakutaka pengine, ila sasa aliona wazi kwamba Wakesho akija akakuta tuta tupu, yeye katika nyumba hii atakuwa mgeni maisha yake yote.

Angalau Righa aliijua ile miche. Bila yeye isingebaki hata mmoja. Liwekeni hilo kando. Lakini wiki ile ile Karani alikata kamba, akaruka miiba, akahesabu miche mitatu na nusu. Righa alipofika mbio alimkuta bado anatafuna. Uliobaki ulikuwa kijiti cha urefu wa kidole, kimeliwa kichwa.

"Mpige basi!" Nakijwa akalia.

"Nikimpiga utaota?" Righa akauliza, na sauti yake haikuwa na utani.

Kijiti kikakaa siku tisa bila dalili. Siku ya kumi kikatoa jicho la kijani ubavuni.

Kisha vuli ikachelewa. Mfereji ukapungua, na kamati ya maji ikakata zamu: kila nyumba saa moja kwa wiki. Tuta la sita lilikuwa la mchanga, saa moja hailitoshi. Righa akaja uani kofia mkononi. "Chukueni na zamu yangu," akasema. "Mpaka mvua inyeshe."

"Na mahindi yako, Baba Mghoi? Yametoa ndevu sasa hivi."

"Mahindi nitapanda tena. Mbegu yake iko kila duka."

Wiki sita alitoa maji yake. Wiki ya nne mahindi yake yalikuwa makaratasi. Mama Mghoi hakumgombeza. Alimpakulia chakula bila kumtazama, jambo ambalo Righa alisema ni afadhali angegombezwa. Liwekeni hilo kando.

Na Nakijwa? Nakijwa alikuwa na mti mmoja. Kila asubuhi aliugeuza majani yote, chini na juu, akitafuta wadudu. Aliuwekea samadi, akaukingia upepo kwa gunia, na maua yalipotoka alikuwa anakwenda kuyatazama hata ugali ukiwa jikoni, ukaungua mara mbili. Ua la kwanza likafunga tunda. Likafuata la pili. Yakawa saba, na siku mvua ilipoanza kugonga mabati, Nakijwa alitoka nje akasimama kando ya mti wake, akalowa, akisema tu, "Asante. Asante. Asante."

Desemba shule zikafungwa, Wakesho akashuka kutoka Voi. Kabla ya kuvua viatu akaenda kwenye kabati.

"Wifi! Kopo langu liko wapi?"

Nakijwa akatoka jikoni akijifuta mikono. Miezi yote hii alikuwa amewasikia watoto wa jirani wakiita nyanya zao, lakini kulisikia neno ni jambo moja, kulikumbuka unapogombezwa ni jingine.

"La mbegu za nyanya? Nisamehe, wifi. Nilizipanda. Lakini ndani hamkuwa na nyanya."

"Hamkuwa na Nyanya?" Wakesho akapandisha sauti. "Nyanya angekaaje ndani ya kopo?"

"Si ndivyo ilivyoandikwa? Mimi nilitaka za mchuzi!"

"Umetaka kumtia Nyanya kwenye mchuzi?"

"Wifi, kwani nyanya hutiwa wapi?"

Kutoka kwenye kiti cha Mzee Mwandoe ikasikika sauti ya ajabu. Wote wawili walikimbia wakidhani anakabwa. Alikuwa anacheka. Machozi yalikuwa yanamtoka, bega linaruka, na mkono mmoja unaonyesha kopo lililokuwa mezani, tupu, kisha mlango, kisha kopo. Wakesho hakuwa amemsikia babake akicheka kwa miaka mitatu, na hasira yake ikakosa pa kusimama. Akacheka kidogo. Kisha akaketi sakafuni akalia sana, kwa sababu kopo alipolinusa lilikuwa linanukia kopo tu.

Nakijwa akamshika mkono akampeleka nyuma ya jiko. Tunda la chini kabisa waliliacha liive. Sita zilizobaki Wakesho akazichuma mwenyewe. Kijiji kizima hakikuwa na mwingine aliyejua Saru alivyozipika: kuzipasua misalaba bila kuzitenganisha, kuziloweka kwenye maji ya chumvi, kuzichemsha taratibu, kisha karanga za kusaga mwishoni, siyo mwanzoni. Nakijwa anasema angezikaanga tu, na zingekuwa chungu, na Mzee angekula vijiko vinne.

Mzee alikula, akapangusa sahani kwa ugali, akainyoosha.

"Kuna nyingine?"

Wakampa ya Wakesho. Akala. Wakampa ya Nakijwa. Righa, aliyeitwa aje aonje, alikuwa ameshapakuliwa sahani yake, akaitazama, akaisukuma mbele ya Mzee. Ngogwe sita zikaingia tumbo moja, na wale watatu walikula ugali kwa mchicha wakiwa wamefurahi kama watu wa arusi.

Jumapili iliyofuata tunda la saba likawa jekundu. Mzee akalichuma, akaliweka mezani kando ya kopo, akasema, "Marehemu, yaani Saru, alikuwa na desturi yake. Mwenye tuta ni nani? Semeni."

Mara ya kwanza kulitaja jina. Hakuna aliyethubutu kuonyesha kwamba amelisikia.

Wakesho akatangulia. "Mimi, baba. Nililitunza kopo miaka mitatu. Panya, mchwa, mvua, vyote nilivizuia. Bila mimi pasingekuwa na mbegu ya mtu kukosea kuipanda. Na bila mimi usingeila."

"Lakini ulizitunza mpaka zikazeeka," Nakijwa akasema, kwa upole. "Katika mamia ziliota kumi na moja. Wifi, ungezinusa mwaka mwingine mmoja zingekuwa zimekufa zote mikononi mwako."

Wakesho akalitazama kopo. Alijua ni kweli.

"Mimi, baba," Nakijwa akasema. "Nilizipanda. Nilimwagilia udongo mtupu siku kumi na saba. Mti ulioliwa kichwa niliulea mpaka ukazaa. Mwenye tuta ni aliyekaa na tuta."

"Ukazing'oa saba kwa mkono wako," Righa akadakia, "ukapanda mbegu za mtu ukitafuta mchuzi. Ungejua ni ngogwe ungezigusa?"

"Nisingezigusa," Nakijwa akakiri.

"Basi ni mimi," Righa akasema. "Nilizijua wakati hakuna aliyezijua. Nikatoa maji yangu, na mahindi yangu yakafa ili huo mti uishi. Hapa kila mtu ametoa kazi. Mimi nimetoa chakula cha watoto wangu."

"Na mbuzi wako ametoa nini?" Wakesho akauliza.

"Mbuzi wangu..." Righa akatazama kofia yake. "Huyo naomba asihesabiwe."

Wakacheka, lakini hakuna aliyejitoa. Kwa Wakesho kopo lilikuwa mama. Kwa Righa lilikuwa msimu mzima wa mahindi. Kwa Nakijwa lilikuwa mlango: mwenye kopo ndiye mwenye bustani, na mwenye bustani si mgeni.

Mzee Mwandoe akaligeuza tunda vidoleni muda mrefu.

"Kabla sijaamua kuna jambo. Mama," akamwambia Nakijwa, "siku ulipolishusha kopo nilikuwa hapa mezani. Nilikuona. Nilijua ni nini. Binti yangu alikuwa ameniambia lisiguswe. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, 'Acha', na sikulisema."

"Kwa nini, baba?" Wakesho akauliza taratibu.

"Nilitaka kula." Akaliweka tunda mezani. "Nilitaka kuzionja tena. Na kuzipanda mwenyewe niliogopa, kwa sababu kama zisingeota, ningekuwa nimemzika mara ya pili. Nikaona heri akosee mtu asiyejua."

Kisha Righa akasema, "Kumbe mwizi mkubwa ulikuwa hapa kitini, Mzee," na Mzee akaitikia, "Ndiyo," wala hakucheka.

Basi, wasikilizaji wangu, sasa yatoeni yote mliyoyaweka kando, na hili la mwisho mliongeze, myatandaze mbele yenu. Mimi nimeyatandaza mara nyingi. Lililo wazi ni hili tu: ukimwondoa mmoja wao, yeyote, Mzee Mwandoe hali. Na ukiliondoa kosa la mmoja wao, lolote ukimwacha mbuzi, huenda vilevile hali.

Uamuzi wa siku ile ulikuwa huu. Mzee alisema kopo lisirudi tena juu ya kabati. Tunda lisihifadhiwe na mtu. Mbegu zake zipandwe zote, na miche itakayozidi tuta igawiwe kila nyumba itakayoomba, kuanzia kwa Mama Mghoi. Mwenye tuta atamtaja tunda la kwanza la msimu mpya litakapoiva.

Nakijwa akainuka alichukue tunda. Wakesho akainuka. Righa akainuka.

"Kaeni," Mzee akasema.

Alilipasua mwenyewe, akaziosha mbegu kwenye bakuli, akazianika juu ya gunia. Siku ya nne akafungua mlango, akalitoa jembe lililokuwa nyuma yake, akafuta utando wa buibui kwa kiganja, akaenda nyuma ya jiko polepole kwa miguu yake. Alilima tuta la sita peke yake tangu asubuhi mpaka jua likawa la utosi, akipumzika kila hatua mbili, na wale watatu wakimtazama kutoka dirishani bila kumsaidia, kwa sababu aliwakataza. Akazipanda zote. Alipomaliza alisimama pale akazungumza kidogo na udongo. Hawakusikia alichosema, ila walisikia akiita, "Nyanya."

Siku ya saba miche ilitoka, mingi kama mchicha.

Kopo sasa liko dirishani, tupu, kifuniko kando yake, na maandishi ya Shali hayajafutika. Msimu hauko mbali. Je, tunda likiiva, ninyi mlioyasikia yote, mnaona nani alistahili kulishika kopo?